Sufuria Isiyoungua

Ma Renatha alikuja Nyanga Ijumaa asubuhi kusema kwamba hatapika. Hakukubali kukaa. Alisimama kizingitini, mkoba kwapani, kanga ya pili begani, kama mtu aliyekwisha kuamua na anayetaka aonekane ameamua.

"Kaka, nimelala nikifikiri," alimwambia Ta Rutaihwa. "Kesho wakwe wanatoka Kishanda kuja kumwona Joyness. Chakula chao hakiwezi kutoka kwenye jiko ambalo huyu anaingia na kutoka."

Huyu alikuwa Kokuberwa, binti mkubwa wa Ta Rutaihwa, aliyekuwa amechutama uani akifunga kamba za buti za kazi. Alisikia. Shangazi yake alikuwa amepima sauti imfikie.

"Anaingia kuchemsha maji ya chai tu," Ta Rutaihwa alisema.

"Hata maji. Mwanamke aliyerudishwa hagusi chakula cha anayekwenda. Waje kwangu Kashai. Nina sebule ya vigae, nina gesi, nina vyombo. Nitawapikia mpaka wabebe."

"Joyness atokee nyumbani kwako, kwani mimi nimekufa?"

"Basi tafuta mpishi."

"Mpishi ni mimi," Kokuberwa alisema kutoka uani.

Ma Renatha alimtazama kuanzia kwenye buti, akapanda na macho taratibu, akacheka bila kufungua mdomo. "Wewe? Clavery alipokurudisha, alirudisha na sufuria tuliyokupa. Safi, inang'aa, chini haijaungua hata kidogo. Majirani wote waliiona. Mimi aibu ile sijaimaliza."

"Hakunirudisha, Shangazi. Niliondoka."

"Na sufuria?"

"Niliisahau. Akaituma kwa bodaboda."

"Basi ni yale yale," Ma Renatha alisema, akageuka kwenda zake. Kwenye njia ya migomba alisimama tena. "Kesho nitakuja, kaka. Nitakuja kama mgeni."

Nyanga yote ilijua kwamba Kokuberwa wa Ta Rutaihwa aliachwa kwa kutojua kupika, na Kokuberwa hakuwahi kuwasahihisha. Angewaambia nini? Kwamba Clavery alitaka aache kuchomelea vyuma akae nyumbani, na kwamba siku sahani aliyoirusha ilipopita kando ya sikio lake na kupasukia ukutani, ugali uliokuwamo ulikuwa umeiva vizuri tu? Tangu siku hiyo hakuwahi kupikia mtu. Mchana alikula hotelini Kemondo karibu na karakana yake, jioni alikula alichopika Joyness, na mtu akimuuliza anaweza kupika nini, alijibu, "Mageti."

Sasa Joyness, mdogo wake, hakuruhusiwa kupika. Binti anayekuja kuonwa hukaa ndani mpaka aitwe. Na Joyness alimpenda Avit, mchumba wake, kwa namna ya kutisha, kimya kimya, kama mtu anayebeba mtungi uliojaa mpaka ukingoni. Mshenga wa kina Avit, mzee Bartholomayo, alikuwa amekwisha kuuliza mara mbili juu ya "yule dada aliyerudi." Chakula kikiharibika, Kishanda ingepata jibu lake bila kuuliza mara ya tatu.

"Dada," Joyness alisema kutoka dirishani, "kama hutaki, niambie sasa hivi. Nitampigia Avit waje siku nyingine."

"Sitaki," Kokuberwa alisema. "Lakini nitapika."

*

Mchana alirudi kutoka Kemondo na samaki aina ya sato kwenye ndoo, na juu ya bodaboda alikuwa amefunga kitu cha miguu mitatu alichokichomelea asubuhi hiyo kwa vipande vya nondo. Sufuria ya harusi ilikuwa pana kuliko mafiga ya jikoni, kwa hiyo alikuwa ameitengenezea yake. Aliliweka jiko hilo uani, akalipanda, akaruka juu yake kwa buti kulijaribu.

"Ukipika kama unavyochomelea, tutakula vizuri," alisema Rahima, jirani, mke wa Awadhi mwenye duka. Rahima alizaliwa Tabora, na katika miaka yake yote ya kuishi Bukoba hakuacha kuwashangaa Wahaya na ndizi zao. Alikuwa ameleta mwiko mkubwa na ungo. "Ila mimi nasema pilau. Pilau haimwangushi mtu."

"Mhaya umpe pilau ahesabu amekula?"

"Atakufa?"

"Hatakufa. Ataondoka aseme hakupewa chakula."

Ta Rutaihwa, aliyekuwa kwenye kiti chake cha barazani, aligeuza uso kuelekea sauti zao. "Renatha, usimfundishe mwenzio mambo ya pilau," alisema. "Watakula ebitoke, ndizi za kuvukisha ndani ya majani, kama alivyokuwa akipika mama yao. Nyama, samaki, maharage ya samli, senene juu yake."

"Mimi ni Rahima, baba."

"Nilisemaje?"

"Umesema Renatha."

"Basi wanawake mnafanana kelele," alisema mzee, na Rahima akacheka. Kokuberwa naye alicheka. Uzee, alidhani.

Alimwambia baba yake kwamba kesho alfajiri angepita sokoni kununua mikungu mizuri. Ta Rutaihwa alinyanyuka kabisa kitini.

"Ununue ndizi? Mkwe aje kwangu, apite katikati ya kibanja changu cha migomba, halafu nimlishe ndizi za sokoni?"

"Nitakata mimi basi, Taata."

"Mkungu wa wakwe hukatwa na mwenye kibanja. Nitakata mwenyewe. Wewe hangaika na moto wako."

Aliingia ndani akigusa mwimo wa mlango kwa vidole, kama mtu anayeusalimu.

*

Kokuberwa alipoamka Jumamosi mikungu miwili ilikuwa imelala mlangoni mwa jiko, na baba yake alikuwa ameketi kando yake, suruali imelowa umande mpaka magotini, panga miguuni.

"Huu ni wa migomba ya mama yenu," alisema akiupapasa ule mmoja. "Ile aliyoipanda mwenyewe, kandokando ya pale alipolala. Nimetaka Joyness aliwe na mama yake akiwepo."

Alikusudia kusema chakula cha Joyness kiliwe. Kokuberwa hakumrekebisha. Kaburi la mama yao lilikuwa ndani kabisa ya kibanja, na baba yake hakuwa na kawaida ya kulitaja.

Akaanza kumenya. Utomvu ulimganda mikononi tangu ndizi za kwanza, mweusi, mzito kama gundi. Kisu kikawa kinanata. Aliulaumu mkono wake. Mtu aliyekaa miaka bila kumenya, aliwaza, hata ndizi zinamkataa. Rahima alimenya upande wa pili, akitoa maganda manene na nusu ya ndizi pamoja nayo.

"Hizi ndogo ndogo mbona ngumu hivi?" Rahima aliuliza.

"Usiniulize mimi. Menya."

"Mimi kwangu ndizi ni ndizi."

Walitandika mabua ya migomba ndani ya sufuria, wakamwaga maji, wakaweka majani ya migomba yaliyopitishwa motoni mpaka yakalainika, wakazipanga ndizi za mikungu yote miwili humo, wakazifunika kwa majani mengine na kukandamiza kwa jiwe. Sufuria ilikaa juu ya miguu ya nondo bila kutikisika. Hilo tu, katika mambo yote ya siku ile, ndilo Kokuberwa alilifanya bila wasiwasi.

Mengine yote yalimtoa jasho. Vitunguu vya kwanza viliungua, akavitupa. Samaki mmoja aligandia kikaangoni akatoka vipande. Nyama alionja mpaka ulimi ukaacha kumwambia chochote. Senene, panzi wale wa kuliwa, alimkabidhi Rahima, ambaye aliwakaanga uso ameugeuzia pembeni, akisema anafanya hivyo kwa ajili ya ujirani tu. Kila mara Joyness alichungulia dirishani kuuliza kama maji yamekauka, na kila mara Kokuberwa alimwambia akakae anapostahili, kisha akaenda haraka kuangalia kama maji yamekauka.

Mchana ulipofika, mvuke ulikuwa unapenya kwenye majani ukiwa na harufu ile ya mama yake, ya majani yaliyoiva. Kokuberwa alisimama juu ya moshi, macho yakimwaga machozi, akagundua kwamba alikuwa anatabasamu. Alikasirika na nafsi yake, akaacha.

*

Wageni walikaribishwa kwa buni za kutafuna, kama desturi, na maneno marefu yakafuata. Bartholomayo aliyasema mengi zaidi. Ta Kahangwa, baba yake Avit, alikuwa mtu mkubwa wa mwili na mchache wa maneno. Alitafuna, akatazama paa, akatazama ukuta. Avit mwenyewe alikaa karibu na mlango, magoti yamebanana kama mwanafunzi. Ma Renatha alikuja amevaa gauni la gomesi la kijani na kuketi upande wa wageni, jambo ambalo kila mtu aliliona na hakuna aliyelisema.

Kokuberwa na Rahima waliingiza chakula. Furushi la majani liliwekwa kwenye sinia kubwa mbele ya Ta Kahangwa, na Kokuberwa akalifungua hapo hapo. Mvuke ulipanda. Wazee wakasema "waitu," yaani jamaa zetu, kwa sauti ya chini, na Bartholomayo akafumba macho.

"Nimesikia harufu ya nyumba," alisema. "Kumbe watu wanasema uongo huko nje."

Ma Renatha aliinamia gomesi lake.

Kokuberwa aliwapakulia, akarudi nyuma, akasimama karibu na mlango wa ndani. Aliwaona wakimega. Alimwona Avit akitafuna kwa raha. Kisha akamwona Ta Kahangwa akisimamisha taya. Mzee yule hakutema. Alikuwa na adabu. Alilisogeza tonge upande mmoja wa shavu, akafikiri, akalimeza kama kidonge. Bartholomayo naye alikuwa ameacha kusifu. Alichukua maji, akanywa, akachukua tena.

"Zina... zina ukali kidogo," alisema.

"Kidogo?" Ma Renatha alikuwa amekwisha kuonja na kuweka sahani chini. "Tusameheni, waitu. Nilimwambia kaka yangu. Mpishi wetu ndiye yule mnayemsikia. Huko alikoolewa walimrudisha kwa mambo haya haya, na mwenzenu hajajifunza."

Kokuberwa aliliendea sinia akachukua ndizi moja, ndogo, iliyopauka. Ulimi wake ulikauka mara ile ile, kama ameulaza kwenye chuma. Haikuwa chumvi, wala moto, wala maji. Ilikuwa embiire, ndizi ya kukamulia rubisi, pombe ya Wahaya, ambayo hakuna Mhaya anayeiweka sufuriani. Akachukua nyingine, ya njano, laini: tamu, kitoke halisi, ndizi ya kupika. Mikungu miwili, aina mbili, zimechanganyika.

Akageuka kumtazama baba yake. Ta Rutaihwa alikuwa ameacha kutafuna. Mkono wake ulikuwa unatembea juu ya meza, taratibu, ukitafuta kikombe kilichokuwa mbele yake waziwazi, na ulipokipata kidole kimoja kiliingia ndani ya maji kupima. Hapo Kokuberwa akaona yote kwa pamoja: Rahima aliyeitwa Renatha, mwimo wa mlango uliosalimiwa, umande mpaka magotini. Mzee wake haoni. Alikwenda kwenye kibanja kwa kukumbuka, akakata kwa kupapasa.

Neno moja lingetosha. Aliyekata ni Taata. Angekuwa amejisafisha, na baba yake angekuwa mbele ya wakwe mzee asiyejua mgomba wake.

Rahima alimvuta kanga. "Nyumbani nina pilau," alinong'ona. "Nilipika kidogo tu. Usinielewe vibaya."

"Usilete kitu," Kokuberwa alisema, wala hakunong'ona.

Alivuta kigoda akakaa mbele ya sinia, katikati ya wageni, mahali ambapo mwanamke wa jikoni hakai. Akajipakulia. Alichagua zile zilizopauka, akazila moja baada ya nyingine, na watu wote wakamtazama akimeza.

"Nimepika mimi," alisema. "Ni chungu, na nimeipika mimi. Sitasema moto ulizidi wala maji yalipungua. Mzee Bartholomayo, umeuliza mara mbili juu ya dada aliyerudishwa. Ndiye huyu. Sikurudishwa, niliondoka na miguu yangu, lakini hilo si la leo. La leo ni hili: Joyness ni nesi wa zahanati, anajua kazi yake, anampenda mtoto wenu mpaka anatia huruma. Kama mmekuja kutafuta mtu, mtu yupo. Kama mmekuja kutafuta mpishi, nendeni Bukoba mjini, hoteli ni nyingi."

"Koku," Ma Renatha alisema, "bojo, nakusihi, unaua ndoa ya mwenzio."

"Ikifa kwa ndizi, Shangazi, ilikuwa na ugonjwa."

Mlango wa ndani ulifunguliwa. Joyness, ambaye hakuwa ameitwa, alitoka na gauni lake la kuonwa, akapita mbele ya wakwe bila kupiga magoti, akakaa chini kando ya dada yake, akachukua ndizi kwenye sahani ileile. Alipoitafuna uso wote ulijikunja. Akameza, akachukua nyingine.

Avit alianza kunyanyuka. Baba yake alimtazama, naye Avit akakaa tena.

"Kokuberwa," Ta Rutaihwa alisema. "Inatosha."

"Taata, acha. Nimekwisha kusema."

"Nimesema inatosha. Utakula embiire mpaka lini kwa ajili yangu?" Aligeuza uso kuelekea kwa wageni, lakini kidogo pembeni, ukutani, na sasa kila mtu aliona. "Waitu, mkungu nimekata mimi. Mke wangu alipanda mgomba kando ya nilipokuja kumlaza. Nilitaka mle wa kwake. Njia naijua, nimeipita miaka yote. Lakini mgomba hutoa watoto, watoto husogea, na mimi macho yananiacha tangu mwaka jana. Nilishika, nikadhani ndio. Binti yangu huyu hakujua. Amejua sasa hivi, akanifunika."

Nje kuku walikuwa wanagombania maganda. Ma Renatha aliinua kichwa akamtazama kaka yake usoni, machoni, kama mtu anayeangalia ndani ya chungu, kisha akaweka mkono mdomoni.

Ta Kahangwa ndiye aliyesema kwanza, naye hakuharakisha.

"Jicho lipi?"

"Yote. La kushoto ndilo limekwisha zaidi."

"Mimi ni sikio. Mke wangu anafikiri namdharau." Akalisogeza sinia karibu, akaanza kuchambua kwa kidole, za njano huku, zilizopauka kule. "Njano ni nzuri sana. Chuma kile kilichobeba sufuria huko uani, nilikiona nikiingia. Nani alikichomelea?"

"Mimi," Kokuberwa alisema.

"Nina geti la zizi limeng'oka tangu masika."

"Nafanya kwa malipo, mzee. Hata kwa wakwe."

Bartholomayo alipaliwa na maji. Ta Kahangwa hakucheka, ila shavu moja lilitikisika. "Kwa malipo," alikubali. "Hizi nyingine tungezikamua tungelewa wote. Sasa huyo mama mwenye pilau amesimama tu mlangoni kwa nini? Nimemsikia. Kwa sikio hili zima."

Kokuberwa alimtazama Rahima akatikisa kichwa kumkubalia. Walikula pilau juu ya ebitoke, na senene juu ya pilau, jambo ambalo Ma Renatha aliapa hajapata kuliona, na alilila. Kabla ya kuondoka, Ta Kahangwa alimwita Joyness, akamwuliza kama zahanati yao inatibu masikio. Kisha akamwambia Bartholomayo ataje siku ya kurudi na mahari. Alisema siku hiyo wangekuja na mpishi wao, "si kwa ubaya," na Kokuberwa akajibu kwamba waje naye, ila jiko ni hilihili na moto atawasha yeye.

*

Jua lilikuwa bado juu ya migomba wageni walipokwisha kuondoka. Kokuberwa alimkuta shangazi yake uani, gomesi amelikunja kiunoni, amechutama na sufuria ya harusi, mchanga na majivu mkononi. Chini ya sufuria palikuwa peusi tii, masizi yamepanda mpaka kwenye masikio yake.

"Hujui kuosha pia," Ma Renatha alisema bila kuinua uso. Macho yake yalikuwa mekundu. "Tangu mwaka jana, na mimi dada yake sikuona. Jumatatu nampeleka hospitali."

"Tutampeleka wote. Nitafunga karakana."

"Atakataa."

"Akatae akiwa kwenye gari."

Ma Renatha alianza kusugua. Kokuberwa aliishika sufuria ukingoni.

"Iache, Shangazi."

"Itaonekana hivi?"

"Ndiyo."

"Koku, watu wanapita hapa."

"Najua wanapita."

Aliichukua mikononi mwake, akaisuuza ndani tu. Nje hakugusa. Kisha akaenda kwenye ukuta wa jiko unaotazama njia, akaitundika kwenye msumari, kitako kikielekea barabarani.